Programu kama Mnakili: Shajara ya Kiswahili Mtandaoni na Hatima ya Ritifaa

Ikisiri

Makala haya yanaichunguza shajara ya mtandaoni, yaani blogu ya binafsi, kama matini ya Kiswahili inayopita mikononi mwa mnakili asiyeonekana: programu ya kublogu. Data kuu ni shajara ambayo mwandishi ameiandika akiwa Kona Baridi, Kajiado, tangu mwaka 2018, na ambayo aliihamisha kutoka programu moja hadi nyingine mwishoni mwa mwaka 2023. Inadaiwa kwamba uhamisho wa aina hii hugusa tarehe, tahajia, umbo la beti na hata sarufi inayoizunguka matini. Mtafiti wa fasihi ya Kiswahili anaombwa aitazame blogu kwa jicho lile lile ambalo wahakiki wa miswada wamezitazamia tenzi zilizonakiliwa.

Utangulizi

Mnamo Machi 2023 mvua iliinyeshea Kajiado baada ya misimu mitano mfululizo ya ukame. Miezi michache baadaye, katika kikao cha kifamilia, lilizuka swali kuhusu fahali aliyeuzwa kwa bei ya kutupa. Je, mvua ya kwanza ilinyesha kabla ya mnada au baada yake? Ikiwa ilinyesha kabla, basi aliyemuuza fahali alikuwa na haraka isiyo na sababu, na lawama ilimstahili. Kwa kuwa nilijulikana pale nyumbani kama mtu anayeandika kila kitu, niliombwa ushahidi. Nilifungua shajara yangu kwenye rununu nikasoma kwa sauti. Ingizo lilikuwa na tarehe ya siku yenyewe ya mnada, na lilianza kwa maneno haya: "Jana jioni mvua imetujia." Hesabu ilikuwa wazi. Mvua ilitangulia mnada.

Baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyeuza, alitikisa kichwa. "Mwanangu, mvua ile ilitupiga tukitoka mnadani. Koti lililorowa ni langu, si la jirani." Waliokuwepo waliiamini simu.

Nilikuja kung'amua mwishoni mwa mwaka huo kwamba mzee alisema kweli na shajara ndiyo iliyokosea. Maneno yalikuwa yangu, lakini tarehe haikuwa yangu. Iliandikwa na programu, na programu ilikuwa ikiishi kwa saa za Marekani. Makala haya yamezaliwa na aibu hiyo. Swali langu si iwapo blogu ni fasihi au si fasihi, mjadala ambao umekwisha kutuchosha katika makongamano. Swali langu ni la kifilolojia: matini ya shajara ya mtandaoni inapoandikwa na kisha kuhamishwa, ni nani mwingine anayeiandika pamoja na mwandishi?

Shajara, tawasifu na gazeti tando

Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hukutana na shajara katika uandishi wa kiuamilifu, bega kwa bega na barua, kumbukumbu na wasifu. Hufunzwa kwamba shajara huwa na tarehe, huandikwa siku baada ya siku, na aghalabu ni siri ya mwenyewe. Kwa sifa hizo hutenganishwa na tawasifu, ambayo humtazama mtu kutoka mwisho wa safari, kama afanyavyo Shaaban Robert katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Mwandishi wa tawasifu anajua kilichofuata. Mwandishi wa shajara hajui. Aliyeandika Februari 2023 kwamba malisho yamekwisha hakujua kama Machi italeta mvua au mizoga zaidi, na ndiyo maana tarehe katika shajara haiwezi kuhesabiwa kuwa pambo la ukurasa. Tarehe ndiyo inayotuambia mwandishi alikuwa hajui nini.

Intaneti ilipokuja, shajara ilitoka sandukuni. Nchini Marekani, Justin Hall alianza kuyaweka maisha yake mtandaoni mwaka 1994, kabla istilahi yenyewe haijapatikana. Neno "weblog" lilitumiwa na Jorn Barger mwaka 1997, likafupishwa na Peter Merholz mwaka 1999, na mwaka huo huo programu ya Blogger ikatolewa na kampuni ya Pyra Labs, ambayo Google iliinunua mwaka 2003. Mfaransa Philippe Lejeune, aliyesifika kwa nadharia yake ya mapatano ya kitawasifu ya mwaka 1975, alitoa mwaka 2000 kitabu kizima kuhusu shajara zinazoandikwa kwa tarakilishi na kuwekwa mtandaoni. Yeye alianza kwa kutilia shaka iwapo shajara yaweza kuonyeshwa hadharani na bado ikaitwa shajara.

Kwa upande wetu swali hilo lilijibiwa na msamiati kabla halijajibiwa na nadharia. Katikati ya miaka ya 2000 wanablogu wa Tanzania, akiwemo Ndesanjo Macha, mwanahabari aliyeandika blogu ya Jikomboe kwa Kiswahili, walitumia istilahi mbili sambamba: blogu na gazeti tando. Issa Michuzi, mpigapicha wa habari, alianza blogu yake mwaka 2005, nayo ikawa miongoni mwa zilizosomwa sana na Watanzania waliokuwa ughaibuni. Istilahi "gazeti tando" inastahili kutazamwa kidogo. "Tando" imetokana na utando, ule wa buibui, na "gazeti" linabeba dhana ya hadhira: gazeti husomwa na watu, tena wengi. Hakuna aliyependekeza "shajara tando". Kwa hiyo wanablogu wa mwanzo wa Kiswahili waliiona kazi yao kuwa ya hadharani tangu siku ya kwanza, ilhali wenzao waliokuwa wakiandika kwa lugha za Ulaya walikuwa bado wakibishana kuhusu siri. (Neno shajara lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mti, na katika Kiswahili limetumika pia kwa orodha ya nasaba. Siri haikuwa sehemu ya maana yake.)

Nchini Kenya mambo yalikwenda njia nyingine. Blogu zilizovuma katika miaka ile, mathalani Kenyan Pundit ya Ory Okolloh, ziliandikwa kwa Kiingereza. Wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, ni katika blogu hiyo ambapo Okolloh alitoa wazo la kuchora ramani ya matukio ya vurugu, na wazo hilo likazaa Ushahidi, programu iliyokuja kutumika katika nchi nyingi. Jina ni la Kiswahili. Maandishi yaliyoizaa ni ya ung'eng'e. Sisi tunaosoma Kiswahili katika vyuo vya Kenya tuna haki ya kujiuliza tulikuwa wapi, ingawa hilo ni suala la makala nyingine.

Mnakili na makosa yake

Mapokezi ya fasihi andishi ya Kiswahili ni mapokezi ya wanakili. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyetunga mwanzoni mwa karne ya 19, zilitufikia kwa sababu William Taylor alizikusanya baadaye akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na William Hichens akazichapisha mwaka 1940. Kila mkono katika mlolongo huo ulifanya uamuzi. Aliyenakili kwa herufi za Kiarabu alikabiliwa na sauti ambazo Kiarabu hakina herufi zake, ikiwemo nazali ya kaakaa laini inayosikika mwanzoni mwa neno ng'ombe. Wanakili wengi walitumia ghaini kwa g, kwa gh, kwa ng na kwa ng' vilevile, na kumwachia msomaji atambue kwa muktadha. Aliyeihamisha matini kwenye herufi za Kilatini alilazimika kuamua kila mara ghaini hii ni ipi. Ndipo yanapozaliwa maandishi tofauti ya utenzi mmoja, na ndiyo maana tunafunzwa kutotaja ubeti bila kutaja toleo.

Tunapofika kwenye blogu tunasahau somo hilo. Tunafungua ukurasa, tunanukuu, tunaandika anwani na tarehe ya kuusoma, kisha tunaendelea kana kwamba kati ya mwandishi na jicho letu hakuna mtu. Yupo. Programu ya kublogu hupokea maneno, huyahifadhi katika hifadhidata, na kila msomaji anapofika huyapanga upya katika kiolezo chenye kichwa, tarehe, saa, jina la mwandishi na idadi ya maoni. Mwandishi anapohamia programu nyingine, maneno hayo hupakuliwa katika faili moja na kupakiwa kwingine, na mnakili wa pili huyasoma kwa desturi zake. Kuhama si jambo la nadra. Mwaka 2004 kampuni ya Six Apart ilipobadilisha masharti ya leseni ya Movable Type, wanablogu wengi walikimbilia WordPress, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Wengine hufukuzwa: GeoCities ilifungwa mwaka 2009, Vox mwaka 2010, Posterous mwaka 2013. Blogu iliyodumu zaidi ya miaka kumi ina uwezekano mkubwa wa kuwa imenakiliwa walau mara moja.

Tarehe: nani anahesabu siku?

Narudi kwenye mvua. Upepo wa Kona Baridi haumwachi mtu aandike nje, na mtandao hupatikana vizuri zaidi alfajiri, kabla majirani hawajaamka. Kwa hiyo karibu maingizo yangu yote yameandikwa kati ya saa kumi na moja na saa mbili asubuhi. Programu ya kwanza, nilipojisajili, ilikuja ikiwa imewekwa kwenye saa za pwani ya magharibi ya Marekani, nami sikuugusa mpangilio huo kwa sababu sikujua kuwa upo. Saa hizo ziko nyuma ya zetu kwa saa 11, au saa 10 katika miezi ambayo Wamarekani husogeza saa zao mbele. Niliyoyaandika saa mbili asubuhi siku ya Jumatano yalihifadhiwa kuwa ya Jumanne, saa nne usiku. Karibu kila ingizo la shajara yangu, kwa miaka zaidi ya mitano, lilibeba tarehe ya jana. Nilipoandika "jana" nikimaanisha Jumanne, msomaji aliyeitegemea tarehe alielewa Jumatatu. Hivyo ndivyo baba mdogo alivyoshindwa kesi na simu.

Kosa lilifichuka nilipoihamisha shajara. Programu ya pili ilihesabu kwa saa ya Greenwich, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu tu, na ghafla maingizo yale yale yakasogea siku moja mbele. Nilidhani uhamisho umeharibu tarehe. Kinyume chake, uhamisho ulikuwa umezirekebisha kwa bahati. Laiti ningekuwa mtu wa kuandika saa saba usiku, programu hii ya pili nayo ingenipeleka jana.

Katika Kiswahili jambo hili lina uzito zaidi ya usumbufu wa mtambo. Hesabu yetu ya saa huanza na jua: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya kucha. Zaidi ya hayo, katika mapokeo ya pwani siku huanza magharibi, hata usiku wa Ijumaa ukawa ni ule unaoitangulia Ijumaa, yaani usiku ambao Mkenya wa bara angeuita wa Alhamisi. Programu hukata siku saa sita ya usiku. Mwandishi wa Lamu anayeandika "usiku wa Ijumaa" chini ya tarehe iliyowekwa na mtambo ana kalenda mbili katika ukurasa mmoja, na mtafiti asiyeijua desturi hiyo atasema mwandishi amejichanganya. Hajajichanganya. Mnakili wake ndiye asiyejua magharibi ni nini.

Ritifaa

Sura ya pili ya tatizo ni ndogo kwa umbo na kubwa kwa madhara. Alama ya ritifaa katika ng' hufanya kazi ya kifonolojia. Kungoa si kung'oa, na mtu mwenye ngoa ana wivu au tamaa, hana jembe. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika iliyokuwa London ilipendekeza alfabeti yenye herufi moja kwa sauti hii, ŋ, lakini tahajia ya Kiswahili sanifu ilibaki na herufi mbili na ritifaa. Uamuzi huo ulifaa taipureta. Katika tarakilishi umezua balaa, kwani mtambo hauioni ritifaa kuwa sehemu ya herufi. Huiona kuwa alama ya kunukuu.

Zipo ritifaa za aina zaidi ya moja. Ipo iliyonyooka, ambayo kicharazio cha tarakilishi hutoa. Ipo iliyopinda, ambayo rununu nyingi na programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe kwa kudhani zinapendezesha maandishi. Kwa jicho la msomaji ni alama moja. Kwa mtambo ni herufi mbili zisizojuana. Maingizo niliyoyaandika kwa tarakilishi yalikuwa na ng'ombe wa ritifaa iliyonyooka, na yale ya rununu ng'ombe wa ritifaa iliyopinda. Kisha ukaja uhamisho. Ritifaa iliyopinda huhifadhiwa katika mfumo wa UTF-8 kwa baiti tatu, na programu ikisoma faili kwa mfumo wa zamani, kila baiti huwa herufi yake. Nilipofungua shajara mpya nilikuta hivi:

"Leo ngâ€™ombe wawili wameshindwa kusimama."

Hilo lilikuwa ingizo la mwaka 2022, katika kilele cha ukame. Nilipoandika ng'ombe katika kisanduku cha kutafutia, maingizo ya ule mwaka hayakutokea hata moja, kwa kuwa yote niliyaandika kwa rununu nikiwa malishoni. Shajara ya mfugaji wa Kajiado, katika mwaka ambao mifugo ilikufa kando ya barabara, ilikuwa haina ng'ombe.

Msomaji anaweza kusema kuwa kosa hili huonekana kwa macho na hurekebishwa kwa kubadilisha alama zote kwa mkupuo mmoja. Ni kweli, na ndivyo nilivyofanya. Yaliyo hatari ni yale yasiyoonekana. Programu nyingi, zinapounda anwani ya ukurasa kutokana na kichwa chake, huondoa ritifaa kabisa. Kichwa changu "Ng'ombe wa mwisho" kilipewa anwani yenye "ngombe-wa-mwisho", neno lisilokuwepo katika Kiswahili sanifu, na anwani ndiyo inayonukuliwa katika tasnifu. Aidha, nilipoipitisha shajara katika programu ndogo ya kuorodhesha maneno ili nijifunze kujenga kopasi, neno "ombe" lilijitokeza juu kabisa. Nilitafakari kwa muda juu ya wingi wa dua katika maandishi yangu kabla ya kutambua kuwa mtambo ulikata neno penye ritifaa, "ng" upande mmoja na "ombe" upande wa pili. Anayekusanya kopasi ya blogu za Kiswahili bila kulichunga jambo hili atatoa majedwali ya marudio yenye vitenzi ambavyo hakuna aliyevitamka.

Washairi wana hasara yao ya ziada. Mshairi anayefupisha neno ili kutimiza mizani, akaandika 'mekuja badala ya amekuja, hupata mwanzoni mwa neno alama ya kufungulia nukuu, kwa sababu programu inayopindisha alama huamua upande kwa kutazama nafasi iliyotangulia. Msomaji huingoja nukuu ifungwe, nayo haifungwi. Vilevile nafasi pana tunayoiacha kati ya ukwapi na utao humezwa, kwani kurasa za wavuti huhesabu nafasi kumi kuwa moja. Nimesoma mtandaoni mashairi ya arudhi ambayo kwa umbo yalikuwa huru, na nikajiuliza ni wahakiki wangapi wamekwisha kuwasifu watunzi wake kwa kuasi.

Sarufi ya kiolezo

Kuhusu lugha ya kiolezo nitasema machache. Nchini Tanzania, mradi wa Kilinux ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na kwa kazi kama hizo maneno kama pakua na hifadhi yamepata makazi. Lakini kutafsiri maneno si kutafsiri mpangilio. Kiolezo kilichobuniwa kwa Kiingereza hutanguliza idadi na kufuatisha nomino, kwa hiyo mtafsiri akishaingiza neno lake, ukurasa husomeka "3 Maoni". Hakuna Mswahili anayesema "tatu maoni". Na idadi ikiwa moja, kiolezo hudai umbo la umoja ambalo kwa neno maoni halina mazoea. Nimeona "1 Maoni" na nimeona "1 Oni", na sijui lipi linaniudhi zaidi. Mambo haya yako nje ya matini ya mwandishi, naam, lakini yanaizunguka kila siku, na mwanafunzi anayesoma Kiswahili zaidi kwenye skrini kuliko kwenye kitabu huyapokea kama sarufi.

Kupotea

Kuna mnakili anayekosea na kuna mnakili anayekufa. Blogu nyingi za Kiswahili za miaka ya 2000 hazisomeki tena katika anwani zake. Baadhi ziliachwa wenyewe walipohamia mitandao ya kijamii. Nyingine zilibanwa na sheria: kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Tanzania mwaka 2018 zilimtaka mwanablogu ajisajili na kulipa ada zilizofikia takriban shilingi milioni 2 za nchi hiyo, na wapo walioamua kunyamaza kuliko kulipa. Hazina ya Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, imehifadhi nakala za kurasa kadha wa kadha, lakini hunasa ukurasa siku inayopita hapo, si siku ulipoandikwa, na picha na maoni mara nyingi hukosekana.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya walimu wangu, kwa heshima. Wao husema blogu zisubiri. Muda utachuja, zilizo bora zitakusanywa katika vitabu. Hoja hiyo ilifaa kwa karatasi. Utenzi uliosahauliwa sandukuni mwa nyumba ya Pate ulisubiri miaka mia moja, ukaliwa na mchwa pembeni, na bado ukasomeka. Shajara ya mtandaoni haina sanduku. Mwenyewe akisahau nywila, au kampuni ikifunga milango, hakuna pembe iliyoliwa na mchwa ya kukisia maneno yake. Kazi ya kuzikusanya ni ya wanafunzi wa sasa, na inaweza kufanywa kama kazi ya muhula: kila mmoja achague blogu moja ya Kiswahili, awasiliane na mwenyewe, apate ridhaa na faili ya upakuzi, na aandike maelezo ya mswada kama yanavyoandikwa ya miswada ya Kiarabu. Imeandikwa kwa programu gani? Saa zake ziliwekwa wapi? Imehamishwa mara ngapi? Ritifaa zake ni za aina ipi?

Kujaribu programu mpya

Kwa wenzangu wanaoandika shajara mtandaoni na wanaovutiwa na kila programu mpya inayotoka, sina neno la kuwakataza. Kujaribu kuna raha yake, na mimi nilihama kwa sababu isiyo na utukufu wowote: programu ya pili ilikuwa na sura nzuri zaidi kwenye rununu. Ninachoshauri ni kwamba, kabla ya kuhama, mtu apakue faili kamili na kuiweka mahali pawili, mojawapo pasiwe mtandaoni. Aufungue mpangilio wa saa na kuchagua Nairobi au Dar es Salaam. Aizime hali ya kupindisha alama katika rununu na katika programu. Ahamishe kwanza maingizo machache yenye ng', yenye shairi na yenye tarehe anayoikumbuka kwa hakika, ayasome neno kwa neno, ndipo ahamishe mengine. Tena, na hili nimelijifunza kwa gharama, aandike tarehe kwa mkono wake ndani ya ingizo lenyewe, kwa maneno, kama tulivyofunzwa katika kidato cha pili tukidhani ni usumbufu: Jumatano, tarehe fulani, alfajiri. Tarehe iliyo ndani ya matini husafiri na matini.

Shajara yangu nimeihariri. Ritifaa zote sasa zimenyooka, na maingizo ya mwaka 2022 yanapatikana kwa kutafuta. Katika ingizo la mvua nimeacha maneno yalivyokuwa, nikaweka tarehe sahihi, na pembeni nikaandika katika mabano tarehe ambayo programu ya kwanza ilikuwa imetoa, kama wahariri wanavyoonyesha tofauti za miswada. Nilimsomea baba mdogo marekebisho hayo. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama wale waliokuwepo kikaoni wamesomewa pia. Bado hawajasomewa wote. Anwani ya "ngombe-wa-mwisho" nimeiacha bila ritifaa, kwa kuwa kuibadilisha kungevunja viungo ambavyo wasomaji wawili watatu walikwisha kuviweka kwao.